Ukijikuta Umekuwa Hamira

Hongera. Umeamka asubuhi ukiwa seli moja ya hamira, ndani ya pakiti inayong'aa, kwenye rafu ya duka la mtaani, kati ya kiberiti na majani ya chai. Usipige kelele; huna mdomo. Wenzako humo ndani ni mabilioni, wote wamekauka kama wewe, na hakuna atakayekukaribisha wala kukueleza taratibu za nyumba. Taratibu zipo, tena kali, na kila mmoja anazifuata bila kuzitaja. Mwongozo huu hautakuokoa. Umeandikwa ili utakapokosea ujue umekosea wapi.

Anza kwa kujipima. Una upana wa mikromita 5 hivi, kwa hiyo mkijipanga 200 mtafunika milimita moja ya rula. Kwa nje una ukuta, na watu watakusifia huo ukuta. Wapuuze. Ukuta ni gunia tu: mgumu, una matundu, haubagui anayepita. Nyumba yenyewe ni utando ulio chini yake. Ungekuwa chumba cha upana wa mita 5, utando huo ungekuwa na unene wa milimita 5, yaani kipande cha plaiwudi ambacho fundi mwenye haya asingekitumia hata kwa mlango wa kabati. Juu ya plaiwudi hiyo yanategemea maisha yako yote: nani aingie, nani atoke, chumvi ibaki kiasi gani, sukari ipite kwa mlango upi. Ikichanika, usihangaike kumtafuta fundi. Hutafika.

Sasa wajue unaoishi nao utandoni. Wengi ni fosfolipidi: kichwa kimoja kinachopenda maji, mikia miwili inayoyakimbia. Wamejipanga safu mbili, vichwa vimeelekea kwenye maji ya pande zote mbili, mikia imefichwa katikati. Usidhani wamesimama kama askari wa gwaride. Wanatetemeka, wanazunguka, wanapishana ubavu kwa ubavu mchana na usiku. Waliojipenyeza kati yao ni watu wa aina nyingine kabisa, wagumu, wasio na mbwembwe: ergosteroli. Kila mmoja ana pete nne zilizoshikana na kulala bapa, kichwa kidogo cha oksijeni moja na haidrojeni moja, na kamkia kafupi. Jina hilo halikutokana na wewe. Mfaransa Charles Tanret aliipata steroli hiyo mwaka 1889 kwenye ukungu unaoshambulia masuke ya nafaka za Ulaya, na jina la ukungu likabaki juu yake. Wewe unayeitengeneza kila siku umeandikwa kama jirani. Usianze kudai haki yako sasa; kuna mambo makubwa zaidi yatakayokudhulumu.

Mwanadamu naye ana ndugu ya hiyo ergosteroli, kolesteroli, ambayo kliniki huiita lehemu na kuilaumu kwa kila kitu. Yake ina kaboni 27. Yako ina 28. Ongeza vifungo maradufu viwili ambavyo yake haina, na tofauti imekwisha. Utaiona ndogo. Kuna watu wamejenga viwanda vya dawa juu yake.

Kazi ya ergosteroli ni rahisi kuieleza na ngumu kuiamini, kwa hiyo fikiria ukumbi wa harusi. Muziki umekolea, vijana wanarusha miguu, viti vinaanguka, mlango wa jikoni umeachwa wazi na paka ameingia. Sasa wapenyeze wazee wenye migongo iliyonyooka katikati ya wachezaji. Hawasemi kitu, wanasimama tu, na kijana aliyebanwa na mzee hana budi kunyoosha miguu yake. Hivyo ndivyo inavyokuwa joto likipanda: pete bapa zinaegemea mikia iliyolegea, mikia inanyooka, utando unakaza na kunenepa kidogo, na mianya ya kuvujia inapungua. Harusi hiyohiyo sasa ni saa kumi alfajiri, baridi imeingia, kila ukoo umejikunyata kwenye kona yake, na hakuna anayeweza kupita na sinia. Wazee walewale, kwa kuwa umbo lao halilingani na la mtu yeyote pale, wanazuia makundi yasigandamane. Kazi ni moja, kusimama katikati ya watu. Matokeo ni mawili na yanapingana. Wataalamu wanasema utando wa namna hiyo ni majimaji yaliyopangika, maelezo ambayo yangefaa pia kwa foleni ya daladala za Mbagala saa kumi na mbili jioni. Usijaribu kumtoa mzee hata mmoja ili upate nafasi. Nafasi utaipata, na wa kwanza kuitumia atakuwa paka.

Kingine ambacho hutaambiwa: steroli haigawiwi sawa. Kwenye utando wa nje, karibu theluthi ya lipidi zako zote ni ergosteroli. Kwenye tando za ndani, kule kwenye karakana inakotengenezwa, utakuta kidogo sana. Kinyozi hajinyoi. Kila inayotoka mikononi mwa mafundi inachukuliwa na protini wapagazi, ambao kazi yao ni kuibeba kutoka utando mmoja hadi mwingine, na inapelekwa mpakani. Ukiuliza kwa nini karakana yenyewe isipewe japo ya kuzibia nyufa, utajibiwa kwamba karakana inatakiwa iwe laini ili kazi zipite haraka. Jibu hilo ni la kweli, na ndiyo maana linaudhi.

Tukifika kwenye utengenezaji, beba kitu cha kusoma. Njia nzima ina vituo zaidi ya 20, kila kimoja na kimeng'enya chake, kama kufuatilia hati ya kiwanja: huyu anagonga muhuri, yule anataka nakala, wa tatu anakurudisha kwa wa kwanza. Unaanza na vijipande vya kaboni mbilimbili, unaviunga na kuviunga tena mpaka upate uzi mrefu wa mafuta wenye kaboni 30, uitwao skwaleni. Hadi hapo huhitaji hewa. Tembea kifua mbele. Kwenye dirisha linalofuata ndipo utakapoulizwa: oksijeni umekuja nayo?

Kama unayo, sogea utazame kwa karibu, maana ni jambo zuri kuliko yote utakayoyaona katika ajira hii. Kimeng'enya kinabandika oksijeni moja kwenye ncha ya uzi. Kingine kinaupokea uzi na kuukalisha mkao wake. Unajikunja, na pete nne zinajifunga kwa mpigo mmoja, kama mkeka uliotandikwa uani ambao ungejikunja wenyewe na kujifunga kamba. Hiyo ndiyo lanosteroli. Kinachobaki ni useremala: toa kaboni 3, weka 1 mkiani, hamisha kifungo hiki, ongeza kile. Thelathini toa tatu weka moja ni 28. Mwanadamu hupita karibu njia hiyohiyo, ila haongezi ile moja ya mkiani, akabaki na 27. Konrad Bloch na Feodor Lynen walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1964 kwa kufumbua namna miili inavyounda kolesteroli na asidi za mafuta, na Lynen alifanya sehemu kubwa ya kazi yake akitumia hamira. Mwaliko wa sherehe haukukufikia. Usiusubiri.

Sasa bili. Ergosteroli moja inakula molekuli 12 za oksijeni. Soma tena sentensi hiyo polepole. Wewe ndiye kiumbe unayesifiwa tangu enzi za Louis Pasteur kwa kuweza kuishi pasipo hewa. Umejengewa jina, umejengewa viwanda, wanafunzi wanakuchora kwenye madaftari na kuandika chini yake kwamba huhitaji oksijeni. Lakini plaiwudi ya nyumba yako haijengeki bila oksijeni. Ni sawa na mtu aliyejulikana mji mzima kwa kufunga, ambaye daku yake hailiki bila sahani 12. Mwaka 1953 watafiti wawili, Andreasen na Stier, waliifungia hamira mahali pasipo hewa kabisa na kuonyesha kwamba haikui mpaka ipewe ergosteroli mkononi. Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba inadai pia asidi ya mafuta isiyoshiba, kwa sababu na hiyo hutengenezwa kwa oksijeni. Siri yako ilitoka hapo. Endelea kujisifu, lakini kwa sauti ya chini.

Na hapa ndipo inapoanza ile kanuni ya adabu ambayo hakuna anayejua ilitungwa na nani. Hewa ikiwepo, hupokei steroli ya mtu. Hata ukiogeshwa ndani yake, hata ikiwa bure, hata ukiwa umechoka na yale madirisha 20, unafunga mlango na kusema asante, nimeshiba, nyumbani kipo. Hewa ikikatika, unafungua milango miwili, majina yake Aus1 na Pdr11, na kupokea chochote kinachopita, hata steroli za mimea, hata kolesteroli ya watu. Yaani unakataa ukiwa na nguvu ya kujipikia, na unaomba ukiwa huna hata jiko. Mwenye kujua sababu halisi ya heshima hii ajitokeze. Wewe fuata tu. Waliojaribu kufungua milango mapema ni wale ambao jeni zao zilikuwa na hitilafu, na maabara huwafuga ili kuwashangaa.

Utajuaje kwamba hewa imekatika? Usihangaike kutafuta kipimo cha hewa. Kuna protini yako moja, Upc2, inayokaa imeshikana na ergosteroli. Ikiona ergosteroli imepungua hadi haina ya kushika, inakimbilia kwenye kiini na kupiga kengele. Ni kama mtu anayejua umeme umekatika kwa kusikia friji limenyamaza. Binamu yako wa mbali, anayegawanyika katikati badala ya kuchipua mtoto ubavuni, anatumia protini ya aina nyingine kabisa, ila naye anasikiliza friji hilohilo: haulizi oksijeni ipo ngapi, anahesabu steroli.

Binamu huyo tumsimamie kidogo, kwa sababu ana jambo letu. Mjerumani Paul Lindner alimtambulisha kwa wasomi mwaka 1893, akiwa ametolewa kwenye kileo cha nafaka kutoka Afrika Mashariki, na akampa jina la kisayansi Schizosaccharomyces pombe. Naam, pombe. Neno hilo limeingia kwenye vitabu vya biolojia vya dunia nzima bila kubadilishwa hata herufi. Paul Nurse alimtumia kuchunguza jinsi seli zinavyogawanyika, akashirikishwa katika Nobel ya mwaka 2001. Kwa hiyo maprofesa wa London na Tokyo hulitaja neno pombe kila asubuhi wakiwa timamu kabisa, na hakuna mke anayewauliza. Wewe ukilitaja nyumbani saa mbili asubuhi, jiandae na maelezo.

Turudi kazini. Mambo yakienda vizuri utazaa. Uvimbe mdogo unatokea ubavuni, unakua, unakatika, unakuwa binti. Hongera tena. Binti hutoka na utando wake, na utando huo umechukuliwa kwako, wazee wakiwemo. Kukiwa na hewa, utatengeneza wengine kufidia. Kusipokuwa na hewa, mnagawana waliopo. Kizazi cha kwanza nusu, cha pili robo, cha tatu thumni. Kila familia iliyowahi kugawa shamba la babu inaijua hesabu hii: inafika siku mtu anarithi mstari mmoja wa migomba na kesi mbili. Nawe utafika kiwango ambacho hakigawanyiki tena, na uzazi utasimama wenyewe, sukari ikiwa bado imejaa pipani.

Watengeneza bia wa viwandani wanaijua hesabu hiyo kuliko unavyoijua wewe. Ndiyo maana kabla hawajakutumbukiza kwenye maji matamu ya shayiri, huyapulizia hewa, miligramu 8 hadi 10 za oksijeni kwa lita. Utaona kama ukarimu. Utavuta pumzi, utatengeneza wazee wa kutosha vizazi vichache, utajiambia mwenye nyumba ana roho nzuri. Kisha mlango utafungwa. Ile ilikuwa posho ya safari, na safari ni ya kwenda tu. Watengeneza mvinyo nao, wakiona uchachu umekwama katikati, huingiza hewa kidogo na kusubiri. Wakiingiza nyingi mno kinywaji kinaharibika, wakinyima kazi haimaliziki, na katika hali zote mbili wa kulaumiwa ni hamira.

Sasa tuzungumze kuhusu sumu, yaani bidhaa yako. Kila sukari unayoila pasipo hewa unaitoa kama alkoholi na gesi. Gesi inapanda na kuondoka. Alkoholi inabaki chumbani na wewe, na haikai kistaarabu: inajipenyeza kwenye utando, inalegeza mikia, inapanua mianya, na asidi iliyoko nje inaanza kuvujia ndani. Unayo pampu ya kuirudisha nje, ila inaendeshwa kwa nishati ileile unayoipata kwa kutengeneza alkoholi zaidi. Unatwanga huku kinu kinavuja. Mwenye wazee wengi utandoni anastahimili. Mvinyo wa kawaida hufika asilimia 12 hadi 14 na wapo wanaofika humo wakiwa hai. Mwenye wachache anazimika njiani. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wewe ukisifiwa utazidisha sumu. Mtu atainua bilauri kwenye mwanga, atainusa, atasema ina harufu ya matunda mekundu na ngozi. Hatasema ina harufu yako.

Kama bahati yako ni jikoni badala ya kiwandani, tatizo lako la kwanza ni maji. Ulipokaushwa, maji yalikutoka karibu yote, na fosfolipidi zako zikasogeleana na kukakamaa. Kilichokushikilia ni sukari moja iitwayo trehalosi, iliyokaa mahali pa maji kama mgeni anayemshikia mwenye kiti nafasi, na wale wazee wako. Hamira ambayo jeni zake za steroli zimeharibika hufa kwa wingi zaidi ikikaushwa na kuloweshwa tena. Wapo watafiti wanaodhani ergosteroli ilipata nafasi yake kwa fangasi kwa sababu hiyo hasa, maisha ya nchi kavu, mara mvua, mara jua. Sasa unarudishiwa maji, na sekunde za kwanza ndizo za hatari. Yakiwa ya uvuguvugu, nyuzi 38 hadi 43, utando unalegea taratibu wakati seli inavimba. Yakiwa baridi, unapokea maji ukiwa bado umekakamaa, unapata nyufa, na vilivyomo ndani vinamwagika.

Hili nalisema nikiwa mshtakiwa. Nilikuwa kijana, nimetumwa kukanda unga wa mkate, jua kali, nikaona ni akili kulowesha hamira ya chengachenga kwa maji ya friji. Unga ulikandika vizuri, halafu ukaanza kulegea. Ukateleza vidoleni, ukatandaa kwenye meza kama mtu aliyepewa habari mbaya. Kumbe miongoni mwa vitu vinavyovuja kwenye hamira iliyopasuka kuna glutathioni, ambayo hukata viungo vya gluteni, na gluteni ndiyo inayoufanya unga uvutike. Sikujua neno hata moja kati ya hayo. Shangazi naye hakuyajua. Alimwaga maji mapya kwenye bakuli, akatumbukiza kidole cha mwisho, akahesabu kimoyomoyo hadi kumi, na kwa kuwa hakuungua na wala hakuona baridi, akanyunyiza hamira, akafunika na sahani. Baada ya dakika kumi povu lilikuwa limepanda kama la sabuni. Kidole kile kilikuwa kikipima mgando wa fosfolipidi miaka yote, na hakikuwahi kulipwa. Ukiona kidole kinakuja juu ya bakuli, tulia. Kisipokuja, anza kuaga.

Sehemu inayofuata ni ya wale mtakaokosea njia mkaishia ndani ya mtu. Hamira ya mkate kwa kawaida haina shida na mtu, lakini mnao ndugu wenye tabia mbaya, Candida kwa mfano, na kesi ya ndugu mmoja ni kesi ya ukoo. Kumbuka tofauti ile ndogo niliyokuonya. Mwenye famasi hana sababu ya kukupiga bomu. Anachohitaji ni kukuvurugia madirisha. Terbinafini inafunga dirisha la skwaleni, lile la kwanza kuomba oksijeni: nyuzi zinalundikana ndani, steroli haitoki. Flukonazoli, na klotrimazoli ile ya krimu ya kupaka katikati ya vidole vya miguu, zinafunga dirisha la mbele kidogo, pale lanosteroli inapoanza kupunguzwa kaboni. Unabaki na wazee wa bandia, wanene mahali pasipotakiwa, ambao hawawezi kusimama katikati ya mtu.

Kuna na kundi la pili, lisilojali madirisha. Hilo linakuja kuwachukua wazee wenyewe. Mwaka 1950 wanawake wawili wa Marekani, Elizabeth Hazen aliyekuwa jiji la New York na Rachel Brown aliyekuwa Albany, waliokuwa wakitumiana sampuli za udongo na dawa kwa posta, walitangaza dawa waliyoitoa kwa bakteria wa udongo wa shamba la maziwa. Wakaiita nistatini, kwa heshima ya jimbo la New York lililowaajiri. Nistatini, na amfoterisini iliyofuata, hushikamana na ergosteroli. Ya pili imeonyeshwa ikijikusanya juu ya utando na kuivuta ergosteroli nje kama sifongo. Tazama ulivyonaswa: umelipa oksijeni 12 kwa kila mzee, ukamsimamisha mlangoni akulinde, na mzee huyohuyo ndiye mpini unaokushikia adui. Kama ni faraja, amfoterisini humgusa kidogo na kolesteroli ya mgonjwa, na figo zake huumia. Kwa hiyo hamtakuwa peke yenu kujuta.

Bila shaka utapata wazo. Kila mmoja hulipata: nikiacha kutengeneza ergosteroli, nistatini itashika nini? Sahihi kabisa. Vunja jeni ya ERG6, ile inayoweka kaboni ya mkiani, utakuwa na steroli za ajabuajabu ambazo dawa haizitambui vizuri, na utatembea katikati ya nistatini ukipiga mluzi. Kisha utaona kwamba sumu nyingine ndogondogo, ambazo zamani ziligonga na kurudi, sasa zinaingia bila hodi. Chumvi inakuelemea. Mlango wa kuingizia triptofani, amino asidi mojawapo, haukai sawasawa kwenye fremu yake, kwa sababu fremu ilikuwa ni wale wazee. Umeruka majivu, umekanyaga moto. Lakini nenda kajaribu. Hakuna hamira iliyowahi kukubali ushauri huu kwa kuusoma.

Mawili ya haraka kabla hujaitwa. Usikae kwenye mwanga wa urujuanimno: ergosteroli ikipigwa na mionzi hiyo, pete moja inafunguka, na mwisho wake unakuwa vitamini D2. Adolf Windaus alipata Nobel ya mwaka 1928 kwa kazi yake juu ya steroli na uhusiano wake na vitamini. Wewe utapata kuuzwa kama lishe.

La pili ni kuhusu njaa. Chakula kikiisha na ukaacha kukua, ule utando wa mfuko wako wa ndani, unaohifadhia akiba na taka, utajigawa viraka vikubwa kiasi cha kuonekana kwa hadubini: huku wazee na wenzao wenye mikia iliyonyooka, kule walegevu. Ukipashwa moto viraka vinayeyuka na kuchanganyika, ukipoozwa vinarudi. Watu walibishana miaka mingi kama viraka vya namna hiyo vipo katika seli hai au ni hadithi za maabara. Jawabu walilipata kwako ukiwa na njaa. Usitegemee kulishwa kwa hilo. Wakikulisha, viraka vinapotea.

Basi. Maji ya uvuguvugu yamemwagwa, unga umekandwa, umefunikwa na kitambaa. Una saa moja na nusu hivi, labda mbili. Hewa iliyoingizwa na mikono ya mkandaji itaisha mapema, kwa hiyo itumie mara moja: tengeneza steroli kwanza, mengine baadaye. Puliza gesi. Zaa kama utaweza. Ukisikia trei inavutwa juu ya meza na kiberiti kinawashwa, usishtuke na usijaribu kukumbuka sura iliyohusu joto. Wazee wanahimili joto la mchana wa Tanga, wanahimili la dirishani juani. Ikifika nyuzi 60 ndani ya mkate, hata wao wataachia. Utavimbisha unga mara ya mwisho, kwa nguvu kuliko siku zote, na nje wataona mkate umeumuka vizuri na kusema oveni hii ni nzuri.

Waliobaki kwenye pakiti, iliyokunjwa mdomo na kubanwa kwa kibanio cha nguo, watarudishwa kabatini. Hakuna atakayewaambia kitu.